Kiti cha Mpangaji

Kiti kilikuwa cha moto.

Fundi aligundua hilo asubuhi moja ya kikao, alipokisogeza kidogo ili apite. Kilikuwa kiti cha mbao cha kawaida, kile cha tatu, ambacho siku zote kiliwekwa kikitazama ukuta katika chumba cha mshauri. Dirisha lilikuwa upande wa pili na jua halikufika pale. Lakini mbao zilikuwa na joto la mwili, lile joto unaloachiwa na mtu aliyeinuka kukupisha ukae.

"Kuna mtu alikuwa hapa, dada?" aliuliza.

"Wewe ndiye wa kwanza leo. Ndiyo kwanza nafungua mlango," alijibu Mshauri, akimimina chai kwenye vikombe viwili. "Kwani vipi?"

"Basi tu."

Mtu ambaye watu wamekwisha kumwona hana akili timamu hujifunza kuchagua la kusema na la kumeza, na Fundi alikuwa amemeza mengi tangu mwanawe achukuliwe.

Walimwita Fundi kwa sababu alishona sare za shule nyumbani kwake, kwenye charahani ya miguu iliyokaa chini ya dirisha la chumba cha kulala. Mkono wake ulikuwa mzuri. Akina mama walipenda anavyokunja pindo nene, ili mtoto akirefuka sare ifumuliwe isitupwe. Alipojifungua mtoto wa kiume alirudi kwenye charahani mapema, mtoto akiwa kwenye kikapu karibu na mguu wake, na kwa muda mambo yalikwenda sawa.

Kisha mchana mmoja mtoto alilia sana. Alinyonyeshwa, akabadilishwa, akabebwa, bado analia. Fundi alimrudisha kikapuni, akashika sindano ya mkono amalizie kifungo, na hapo mtu akasema naye. Haikuwa sikioni. Ilikuwa nyuma ya sikio, pale nywele zinapoishia. Sauti ya taratibu, yenye adabu, kama ya jirani aliyekuja kuomba chumvi.

"Mama," ilisema. "Mtoto amechoka kulia. Msaidie. Mshone mdomo, alale."

Chumba kizima kikanuka maziwa yaliyoungua, na jikoni hakukuwa na moto.

Alimnyakua mtoto akakimbilia uani, ambako mume wake, mpaka rangi, alikuwa akisafisha brashi kwenye ndoo.

"Umeisikia hiyo sauti?"

"Sauti gani?"

"Hiyo! Iliyosema nimshone..." Akaishia hapo, lakini alikuwa amekwisha kusema vya kutosha.

Mume wake alimtazama usoni, kisha akaitazama sindano ambayo bado alikuwa ameishika. "Mimi sisikii kitu," alisema. Hakusema kwa ubaya. Lakini alirudi nyuma hatua moja, na aliposogea tena ilikuwa ni kumtoa mtoto mikononi mwake. Jioni hiyo hiyo mtoto alipelekwa kwa wifi.

Maneno hayo mawili, "Sauti gani?" na "Mimi sisikii kitu," yalimuuma Fundi kuliko hata ile sauti yenyewe. Baadaye aliyasikia kwa mama mkwe, kwa majirani, kwa rafiki aliyesoma naye. Kila aliyeyasema alirudi nyuma ile hatua moja.

Mama mkwe alisema hilo ni jini, hakuna jina lingine. Alimpeleka kwa watu wa kuombea na kwa watu wa kufukiza. Sauti ilitulia ikasikiliza yote, na njiani kurudi ikasema kwamba moshi ule ulikuwa mkali kidogo. Kliniki wakampa vidonge vilivyomlaza yeye na sauti pamoja, na walipoamka waliamka pamoja. Ndipo daktari akamtuma kwa Mshauri.

"Mama mkwe anasema ni jini," Fundi alimwambia siku ya kwanza.

"Liite jini, liite sauti, mimi sigombani na jina," alisema Mshauri. "Wewe unaliitaje?"

Fundi aliona haya. "Mpangaji. Kaingia bila kubisha, halipi, na kila kitu cha nyumba ana neno nacho."

Mshauri alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Fundi naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mtoto aondoke, na alishtuka kusikia kicheko chake mwenyewe kilivyo na kutu.

Alikuwa mwanamke wa umri wake tu huyo Mshauri, mwenye binti mmoja wa darasa la kwanza, na moyo wake ulikuwa kwenye mambo madogo. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, na kukifikia ilibidi kupita benchi la akina mama waliokuja kuchanja watoto. Fundi hakuwahi kulalamika. Lakini wiki ya pili alimkuta Mshauri amesimama kwenye mlango wa nyuma, ule wa kutolea takataka, akimpungia mkono. "Pitia huku, ni karibu," alisema. Haikuwa karibu. Toka siku hiyo alimfungulia mlango ule kila wiki na hakusema kwa nini.

Siku nyingine alimtoa nyuzi kwenye nywele huku wakizungumza, polepole, kama mtu anayemchambua mdogo wake. Na siku Fundi alipoona blauzi ya Mshauri imebanwa kwa pini kifuani, alitoa uzi mkobani akamshonea kifungo pale pale.

"Mimi hata kifungo sijui kushona," alisema Mshauri, amesimama kama mtoto. "Shuleni nilipata sifuri. Mwalimu aliniambia nitaolewa na mtu asiyevaa nguo."

Kazi yao ilikuwa hivi. Viti vilikuwa vitatu. Kimoja cha Fundi, kimoja cha Mshauri, na cha tatu kilikuwa cha Mpangaji. Wakati ukifika, Mshauri alikigeuza kiti cha tatu kitazame chumba, akakikalia, akasema maneno ya Mpangaji kwa mdomo wake, na Fundi alimjibu uso kwa uso. Si kumtukana wala kumbembeleza. Alijibu tu: "Nimekusikia. Sifanyi." Kila anaposema, hata iwe siku nzima. Mtu anayesema nawe nyuma ya sikio humwoni, alieleza Mshauri, ndiyo maana anakuzidi. Ukimweka kitini utaona kumbe ana magoti kama wewe.

Wakimaliza, Mshauri aliinuka, akakigeuza kile kiti kitazame ukuta, akarudi kwenye kiti chake, akaweka mikono magotini na kusema: "Mimi ni mshauri. Nimerudi." Hakuwahi kuruka hatua hata moja. "Hivyo ndivyo tulivyofundishwa," alisema. "Ukimwazima mtu mdomo, hakikisha umerudishiwa."

Mwanzoni Mpangaji wake alikuwa kichekesho. Alifoka kama mwalimu mkuu.

"Sivyo, dada," Fundi alisema akijizuia kucheka. "Yeye hafoki. Anasema taratibu, kama mtu anayekutakia mema."

"Mama, mshone mdomo."

"Chini zaidi. Na mwisho wa neno anaumeza, kama amechoka. 'Mdo...' halafu anamalizia ndani."

Wiki baada ya wiki alimfundisha. Alikuwa mwalimu mzuri, kwa sababu alikuwa na kila kitu masikioni. Alimfundisha kituo cha pumzi kabla ya neno "mama." Alimfundisha jinsi Mpangaji anavyocheka bila kufungua meno. Na siku moja Mshauri akakaa kwenye kile kiti, akafumba macho, akasema "Mama," na nywele za Fundi zikasimama shingoni, kwa sababu safari hiyo hakukuwa na kosa hata moja la kurekebisha.

"Nimekusikia," alisema. "Sifanyi."

"Hodari!" alisema Mshauri aliporudi kwenye kiti chake, na macho yake yalikuwa na machozi ya furaha. "Umeona? Umemjibu akiwa kamili."

Dawa hiyo ya viti ilifanya kazi, hilo lazima lisemwe. Nyumbani sauti ilipungua. Ilikuja mara moja kwa siku, halafu siku ikapita bila kuja, na ikija ilikuwa ya mbali, ya mtu anayeongea chumba cha pili. Fundi alirudi kwenye charahani. Kwa shukrani aliomba amshonee sare binti wa Mshauri, na yule binti akaletwa kliniki kupimwa, mapengo mawili mbele, mikono ameinyoosha kama ndege, akicheka kwa kutekenywa na utepe.

"Acha pindo nene, shangazi," alisema, kwa sauti ya mtu mzima. "Mama anasema narefuka vibaya."

Jioni hiyo, nyuma ya sikio la Fundi, kwa mbali, Mpangaji alisema: "Kumbe naye ana mtoto."

Fundi alimjibu alivyofundishwa. Kwa Mshauri hakulipeleka. Aliona ni dogo, na aliogopa lisije likaandikwa kwamba bado hajapona.

Maana siku zilikuwa zinambana. Wifi hakuwahi kupata mtoto, na huyu aliyeletewa akiwa mchanga alikuwa amemwingia mwilini. Alimleta kila Jumapili, akakaa naye mlangoni, hakumwachia. Na Jumapili moja alisema:

"Mume wangu amepata kazi mbali. Tunahama Jumamosi ijayo. Mtoto tunakwenda naye."

"Wifi, mimi nimepona."

"Umepona, au umejifunza kuficha?"

"Muulize Mshauri."

"Nitamuuliza. Akija mwenyewe hapa kabla ya Jumamosi, akaniambia mbele ya kaka yangu kwamba husikii kitu, kitu hata kimoja, nitakuachia. Vinginevyo usinilaumu. Mimi siwezi kumwacha mtoto na mtu na sindano." Kisha akainama akamfuta mtoto udenda kwa upindo wa kanga yake, kwa upole mkubwa, na mtoto akamwita "mama."

Kikao cha mwisho kabla ya Jumamosi kilikuwa asubuhi ya mawingu. Aliposikia sharti la wifi, Mshauri alimwambia ukweli: hawezi kwenda kusema hakuna kitu hata kimoja kama bado kipo. Je, kipo? Fundi alisema kipo kidogo sana. "Basi leo tunakimaliza," alisema Mshauri, akakunja mikono ya blauzi kama mtu anayetaka kufua. Akakigeuza kiti cha tatu, akakaa, akafumba macho.

"Mama," alisema Mpangaji kwa mdomo wake, "hivi unajua kwamba..."

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa msichana wa mapokezi. "Dada, wamepiga kutoka shuleni! Mwanao ameanguka kwenye bembea, anatoka damu mdomoni!"

Mshauri aliruka kutoka kile kiti akiwa bado na neno la Mpangaji mdomoni. Hakukigusa kiti chake. Hakuweka mikono magotini. Alitoka mbio na kiatu kimoja hakijakaa vizuri, na kutoka ukumbini sauti yake ikarudi, "Kigeuze kiti! Fundi, nigeuzie kiti!" halafu ikapotelea barabarani.

Fundi aliinuka. Akaweka mkono kwenye egemeo.

Lilikuwa la moto, si joto la mtu aliyetoka kukaa bali la mtu aliyekaa, na alipovuta, mguu wa kiti ukakwaruza sakafu na kusimama, mzito, mzito kama kiti chenye mtu, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikapanda kutoka kwenye mbao ikajaza chumba mpaka ikamfika kooni. Na sauti, ambayo miezi yote ile ilikuwa ikimjia nyuma ya sikio, sasa ilitoka mbele yake, hewani, juu ya kiti kitupu, pale hasa unapokuwa mdomo wa mtu aliyeketi.

"Taratibu, mama. Utaniangusha."

"Nimekusikia," alinong'ona Fundi. "Sifanyi."

"Sijakuambia ufanye kitu. Nimekuja kukuaga." Ilikuwa sauti ya upole kuliko siku zote. "Umekuwa mgumu. Huyu dada amekufundisha vizuri, hata mimi nampongeza. Nimechoka kwako. Lakini mpangaji hatoki akakaa barabarani na godoro kichwani, mama, anataka chumba kingine. Nikipata, jioni hii hunisikii tena, na Jumamosi unampakata mwanao."

Alijua jibu. Maneno yalikuwa mawili tu na alikuwa ameyasema mpaka usingizini.

"Wifi yako amemnunulia viatu vya safari," sauti iliendelea. "Vyekundu. Jana aliamka analia, akamwita mama yule, akanyamaza alipombeba. Akifika huko mbali atakusahau kwa wiki moja. Watoto hawana ubaya, ila ndivyo walivyo."

"Chumba gani?" aliuliza Fundi.

Hakusema zaidi ya hapo. Lakini alisikia kile kicheko cha bila kufungua meno, na kiti kikalia kidogo, kama mtu amejiweka sawa.

"Huyu dada amenipa kiti. Amenipa mdomo. Nilivyo, umemfundisha wewe, neno kwa neno. Na leo ametoka hajajirudishia mwenyewe. Kilichobaki ni wewe kutofanya kitu. Usinipe ruhusa, usinitume, usiseme hata ndiyo. Huna la kufanya, mama. Kiache tu kiti kama kilivyo."

Alisimama pale na mkono wake juu ya mbao, na akafikiria chai iliyomiminwa tayari kabla hajafika, na mlango wa kutolea takataka, na vidole vilivyokuwa vikimtoa nyuzi kwenye nywele, na yule binti mwenye mapengo aliyenyoosha mikono kama ndege, ambaye saa hiyo alikuwa mahali fulani anatoka damu mdomoni akimngoja mama yake. Akayafikiria yote, moja moja, hakuruka hata moja, na yote yalikuwa na uzito, na upande wa pili kulikuwa na miguu midogo ndani ya viatu vyekundu ikipanda gari la kwenda mbali. Mkono ukatoka kwenye kiti.

Hakufanya kitu.

Alichukua mkoba wake akatoka kwa mlango wa mbele. Akapita benchi la akina mama na watoto wao, na nyuma ya sikio lake hakukuwa na mtu. Hata mbali hakuwepo. Kulikuwa na kimya kipya, safi kama nguo iliyotoka kuanikwa.

Jioni Mshauri alipiga simu. Mtoto ni mzima, amepasuka mdomo kidogo tu. "Ulinigeuzia kiti?"

"Ndiyo, dada."

"Ahsante. Nilijua naweza kukutegemea." Kisha akauliza, "Na yule bwana je?"

"Ameondoka. Simsikii kabisa."

Mshauri alilia kwa furaha kwenye simu.

Ijumaa alikuja mwenyewe. Alikaa mbele ya wifi na mpaka rangi akawaambia kwamba Fundi hasikii kitu, kitu hata kimoja, na kwamba yeye kama mtaalamu anasimama na neno hilo. Alikuwa amepauka. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza, na mwisho wa maneno aliumeza, kama amechoka.

"Una mafua, dada?" aliuliza mpaka rangi.

"Silali vizuri tu."

Fundi aliyatazama mapindo ya gauni lake mwenyewe. Aliyajua maneno yale yanavyomezwa.

Wifi alitimiza ahadi, tena kwa wema. Alimweka mtoto mapajani mwa Fundi akiwa amevaa viatu vyake, na vilikuwa vyekundu. "Anapenda kukunwa mgongo kabla ya kulala," alisema, "hapa, katikati ya mabega," akamwonyesha, halafu akatoka haraka, na walimsikia akilia mpaka kwenye geti.

Mtoto alikunwa mgongo, akalala. Na siku zilizofuata zilikuwa siku nzuri. Mpaka rangi alianza kuimba uani. Mama mkwe alituma unga. Mtoto alijifunza kusimama akishika mguu wa charahani, na Fundi akishona sindano ilikuwa sindano tu, chuma chenye tundu. Sare ya binti wa Mshauri ilikuwa imekwisha, pindo nene, inaning'inia msumarini. Hakuipeleka. Kliniki ilimpigia kumkumbusha vikao vya kufuatilia, akasema ana kazi nyingi. Mshauri alimpigia mwenyewe, Fundi akaiacha simu iite.

Alikuja mchana mmoja, saa ya watoto kutoka shule. Fundi alisikia hodi hafifu, akafungua, mtoto amembeba kiunoni. Mshauri alikuwa amesimama uani peke yake. Blauzi aliivaa kinyumenyume, mishono nje. Na kichwani, akikishika kwa mkono mmoja kama mtu aliyebeba kuni, alikuwa na kile kiti cha mbao. Alikuwa amekibeba barabara nzima.

"Dada!" alisema Fundi. "Mbona hivi?"

Mshauri alikishusha kiti chini. Alinong'ona, akitazama pembeni, kama kuna mtu wa tatu asiyetakiwa kusikia.

"Fundi, namsikia."

Mtoto alinyoosha mkono kukigusa kiti. Fundi akamvuta nyuma.

"Yuko nyuma ya sikio langu. Nikikaa kwenye kiti changu niseme nimerudi, anaanza kusema yeye kabla yangu. Nimemwambia mume wangu, akaniambia yeye hasikii kitu. Na wenzangu kazini wananipa vidonge, wananiambia nimechoka. Anasema nimshone mdomo binti yangu. Ule mdomo wake haujapona, ananiambia nimsaidie. Nimejikuta dukani, Fundi. Sijui nilifikaje. Nimejikuta nalipia. Mimi, ambaye hata kifungo..."

Alifungua kiganja. Kulikuwa na pakiti ndogo ya sindano, na kijirundo cha uzi mweupe. Pakiti ilikuwa imefunguliwa.

"Nikalie kiti," alisema. "Kama nilivyokukalia. Nimejaribu na wengine, hawamuwezi, wanafoka tu kama walimu wakuu. Wewe ndiye unayejua anavyosema. Mseme mbele yangu nimjibu. Muda mfupi tu. Nakuomba, mdogo wangu. Nitakigeuza mwenyewe, naapa, sitasahau."

Harufu ya maziwa yaliyoungua ilikuwa imefika mlangoni, ikasimama pale, haikuvuka. Fundi aliihisi usoni kama pumzi. Maneno yote alikuwa nayo mdomoni tayari: kituo kabla ya "mama," mwisho unaomezwa, kicheko. Angekaa tu. Ila kukaa kwenye kile kiti ni kufungua mdomo, na mdomo ukifunguka hujui nani atakubali kutoka, na mtoto alikuwa ameweka kichwa chake begani mwake, mzito, mwenye joto, akinuka sabuni.

"Sauti gani, dada?" alisema.

Mshauri alimtazama. "Usinifanyie hivyo," alisema polepole. "Wewe usinifanyie hivyo."

"Mimi sisikii kitu," alisema Fundi, na akarudi nyuma hatua moja.

Kisha uso wa Mshauri ukalegea, mashavu yakashuka, na mdomo wake ukatabasamu bila kufungua meno.

"Nilikuambia, mama," ulisema mdomo ule, taratibu, ukimeza mwisho wa maneno. "Hukuwa na la kufanya. Chumba kizuri. Ahsante."

Na juu ya mdomo ule macho yalikuwa bado ya Mshauri mwenyewe, na yalikuwa yamesikia na kuelewa, na yalikuwa yanalia.

Alikibeba kiti chake akaondoka, kuelekea upande wa shule.

Fundi alifunga mlango, akaweka komeo. Akamweka mtoto kikapuni, akakaa kwenye charahani. Nje watoto walianza kupita, makundi kwa makundi, wakisukumana na kucheka, na katika vicheko hivyo alidhani amekisikia kimoja cha mapengo, kikimwita mtu mama. Akaweka miguu kwenye kanyagio akakanyaga. Hakuweka kitambaa. Alikanyaga kwa nguvu, haraka na haraka zaidi, sare ile ndogo ikitikisika msumarini, na sindano ikapanda na kushuka mahali patupu mpaka barabara iliponyamaza.